Chuo Hakuna Kengele: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza Mlimani

Mdogo wangu, hongera tena. Umetoka JKT juzi, umekonda, umezoea kuamka kwa filimbi alfajiri. Kabla ya hapo ulikuwa bwenini miaka miwili na PCM yako (fizikia, kemia na hisabati): kengele ya kuamka, ya paredi, ya prepo, ya kulala. Chuo hakuna kengele. Usipoingia darasani hakuna mwalimu wa zamu atakayekufuata, usipokula hakuna matroni wa kukuuliza, na usiposajili kozi zako mfumo haukupigii simu kukukumbusha. Wengi wanaodisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza si vilaza, maana walifika na divisheni wani zao kama wewe. Kinachowaangusha ni zile wiki nne tano za mwanzo, mtu anaishi akisubiri kengele ambayo haitalia.

Ndiyo maana nimeandika sana kuhusu wiki hizo, na mengine nimeyagusa tu. Nafuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu ndiko unakokwenda kusomea ualimu na ndiko nilikosoma. Rafiki zako waliopangiwa Dodoma, Sokoine au Mzumbe wanaweza kusoma pia. Watabadilisha majina ya majengo na ya mifumo tu.

1. Kabla hujapanda basi

Ipakue barua ya udahili na maelekezo ya kujiunga, uyachapishe, uyasome yote hadi ukurasa wa mwisho, hata zile sehemu zenye maandishi madogo. Nusu ya maswali ambayo wenzako watauliza kwenye kundi la WhatsApp yamejibiwa humo.

Tengeneza faili moja gumu. Ndani weka vyeti na hati halisi za matokeo, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha za pasipoti, barua ya udahili na fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa muhuri hospitali ya serikali hukohuko nyumbani. Usiache fomu hiyo ukaijaze Dar, maana foleni utakayoikuta ni ya watu walioiacha kama wewe. Kila hati iwe na nakala tatu za karatasi na picha safi kwenye barua pepe yako. Ukishahakikiwa, vyeti halisi virudi nyumbani kwa mkono wa mtu wetu. Chumba cha watu wanne au sita si mahali pa kuweka cheti cha kidato cha nne.

Angalia jina lako herufi kwa herufi. Kama cheti kinasema Mwanaidi na kadi ya benki inasema Mwanahidi, hela ya Bodi ya Mikopo itazunguka mwezi mzima ikikutafuta. Akaunti ya benki iwe ya kwako, si ya baba wala ya mjomba.

Jambo la hela nalisema mapema: bumu, ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, haliingii siku unayofika. Bodi inatoa fedha baada ya chuo kukutambua kama mwanafunzi uliyesajiliwa na baada ya wewe kusaini. Kwa hiyo toka nyumbani na hela ya kula ya mwezi mmoja. Kama baba hana yote, niambie mimi sasa, usisubiri kunipigia ukiwa na njaa.

Kwenye sanduku: shuka mbili, chandarua, ndoo yenye mfuniko, kandambili, pasi, kufuli la maana (hayo ya elfu mbili yanafunguka kwa kijiko), na viatu vya kutembelea. Kile chuo kimekaa mlimani kweli, na utapanda na kushuka kwenye jua la Dar kutwa nzima. Nguo za baridi za Sumbawanga ziache. Sweta moja linatosha kwa ajili ya basi.

2. Siku ya kufika

Mabasi ya kutoka kwetu yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Fika mchana. Ukishuka, begi lako libebe mwenyewe hata kama linakukata bega, na atakayekuambia "dada wa chuo, gari ya chuo hii hapa" mpite kimya. Ingia daladala inayopita Ubungo na barabara ya Sam Nujoma, mwambie konda akushushe Mlimani City. Hapo uko mlangoni, na bajaji za kuingia chuoni zipo. Patana bei kabla hujapanda.

3. Usajili: maliza ndani ya wiki ya kwanza

Wiki ya mwanzo wanaiita ya utambulisho na wengi wanaichukulia kama ya kutalii. Watapiga picha mbele ya ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya mia tano. Piga na wewe, ni halali yako. Lakini kabla ya picha maliza haya, kwa mfululizo huu, kwa sababu kila moja linafungua linalofuata.

Lipa ada na michango unayodaiwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Malipo ya chuo hayapokelewi mkononi, wala hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Ukiambiwa "tuma kwa hii, mimi nitakulipia haraka," huyo ni tapeli hata kama amevaa kitambulisho. Bima ya afya ya NHIF kwa wanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka. Kama una kadi hai ya kupitia kwa mama, nenda nayo ukaulize kabla hujalipa mara ya pili.

Kisha hakikiwa vyeti, pata namba ya usajili, ingia ARIS, ambao ni mfumo wa chuo wa kumbukumbu za wanafunzi, usajili kozi. Hapa kaa chini utulie. Kozi za lazima unazijua, za kuchagua zinakutega. Usichague kwa sababu mtu wa mwaka wa pili amekuambia "ile ni ya kupeta". Angalia ratiba isigongane, angalia idadi ya krediti, halafu chagua. Ukishamaliza, chukua picha ya ukurasa wenye orodha ya kozi zako na uihifadhi. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria kozi muhula mzima, akafanya testi zote, akafanya mtihani, halafu matokeo yakatoka bila jina lake kwa sababu hakuisajili. Kulirekebisha jambo hilo ni safari ya ofisi hadi ofisi, na kila ofisi inakutuma kwa nyingine.

Kitambulisho, halafu kundi la WhatsApp la darasa. Mjue mwakilishi wa darasa kwa sura. Yeye ndiye anayejua kipindi kimehamia Yombo ngapi (hizo ni kumbi za mihadhara) na testi imesogezwa lini, na ndiye wa kwanza kulaumiwa kwa kila kitu, kwa hiyo kuwa naye vizuri.

Usaini wa mkopo ni wako pia. Tangazo likitoka kwamba majina ya kusaini yapo, nenda siku hiyohiyo. Watu wanakosa fedha kwa kutosaini ndani ya muda, halafu wanaitukana Bodi.

4. Pa kulala

Ukipata hosteli ya chuo, ichukue bila kufikiria mara mbili, iwe ya ndani ya kampasi, iwe Mabibo, iwe zile za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Bei yake haifanani kabisa na ya mtaani, na mwaka wa kwanza kukaa karibu na maktaba ni jambo kubwa kuliko kukaa karibu na Sinza.

Ukikosa, utasikia njia mbili. Ya kwanza ni kubebana: mwenye kitanda anakulaza kwake kinyemela. Ni ukarimu wa kweli na watu wengi wamemaliza shahada kwa njia hiyo, ila kisheria wewe haupo pale. Siku ya ukaguzi mnatolewa wote wawili, na aliyekubeba anaweza kunyang'anywa kitanda chake. Usimfanyie mtu hivyo kwa zaidi ya siku chache za kutafuta chumba.

Ya pili ni gheto, yaani chumba cha kupanga mtaani. Tafuta Msewe au Changanyikeni, unaweza kutembea kwa miguu hadi darasani. Mkiwa wawili ni nafuu. Mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali atataka ya kwake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Kabla hujatoa hata mia, nenda ukakione chumba usiku. Ndiyo, usiku. Mchana kila mtaa ni salama. Uliza LUKU ni yako au mnachangia watu sita na mmoja wao ana friji la biashara. Fungua bomba uone kama maji yapo. Uliza geti linafungwa saa ngapi, kwa sababu vipindi vingine vinaisha saa mbili usiku. Andikishaneni, hata kwa karatasi ya daftari, na sahihi ya mjumbe.

5. Bumu

Sasa tukae hapa.

Kiwango kamili cha chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kilipanda kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/2023. Hela inatolewa kwa awamu, na awamu moja ya siku sitini ni shilingi 600,000. Kama Bodi imekupangia pungufu, hesabu ni ileile kwa kiasi chako.

Laki sita kuingia kwa mpigo kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kushika laki moja ni mtihani mgumu kuliko fizikia. Utaona mwenyewe: siku bumu linapotoka, Mlimani City inajaa, chipsi kuku zinaisha mapema, kila mtu ana simu mpya. Baada ya wiki tano watu walewale wanagawana mkate na chai ya rangi.

Fanya hivi. Usigawanye kwa siku sitini, gawanya kwa sabini na tano, kwa sababu awamu inayofuata inaweza kuchelewa na mara nyingi inachelewa. Laki sita kwa siku sabini na tano ni 8,000 kwa siku. Katika hizo, 5,500 ni ya tumbo, 2,500 ni ya mengine yote: nauli, bando, sabuni, pedi, kuchapisha kazi. Bei zinabadilika, kwa hiyo ukifika pita kwa mama ntilie na kafeteria siku tatu za mwanzo ukiandika, halafu urekebishe. Kama uko gheto, kodi itoe kwanza, usiijumuishe humo.

Siku hela inapoingia, saa hiyohiyo, hamisha nusu mahali pa usumbufu kuitoa. Akaunti ya akiba isiyo na kadi ni nzuri. Mimi nilikuwa naihamisha kwa mama na kumwambia asinipe kabla ya tarehe fulani hata nikilia, na mama unamjua.

Ile ya vitabu na viandikwa, laki mbili kwa mwaka, usile. Hiyo ni mwanzo wa kompyuta. Kompyuta iliyotumika inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza, ila nenda kununua na mtu anayejua, ukae nayo dukani nusu saa bila chaji uone betri inavyoshuka.

Tatu za kukataa bila mjadala. Kubeti: utaona wavulana wa darasa lako wakituma bumu zima kwenye mkeka wa timu kumi na mbili, na hadithi utakayosikia ni ya yule mmoja aliyeshinda. Mikopo ya kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ukichelewa kulipa wanampigia baba, mchungaji, na kila aliye kwenye orodha ya namba zako. Na "fursa" ya kuingiza elfu hamsini upate laki moja kwa wiki, hata kama anayeileta ni rafiki yako wa chumbani anayekupenda kweli. Hasa huyo.

Na bumu si zawadi, ni mkopo. Mimi kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu inakatwa kuulipa wangu. Nikiutazama huo mstari nakumbuka hadi rangi ya viatu nilivyonunua.

6. Arobaini za mwanzo

Alama za kozi nyingi zinagawanywa hivi: 40 ni kosiweki, yaani testi, kazi za nyumbani, semina na kazi za kikundi, na 60 ni mtihani wa mwisho wa muhula, ambao kila mtu anauita UE. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasikia 60 anaona hapo ndipo penye nyama. Mimi naona 40 ndiyo yako, kwa sababu inakusanywa kidogokidogo, wakati una nafasi, maswali yanatoka kwenye mada tatu tu badala ya kumi, na daftari liko wazi kwenye kazi nyingi.

Hesabu mwenyewe. A inaanzia 70. Ukiingia chumba cha mtihani na 32 ya kosiweki, unatafuta 38 kati ya 60. Hiyo inapatikana hata siku kichwa kinauma. Ukiingia na 18, unatafuta 52 kati ya 60, na 52 ya hisabati ya chuo ni nadra. Testi ya kwanza inakuja mapema kuliko unavyodhani, watu wakiwa bado wanatafuta vyumba. Ndipo wengi wanapotea.

Kuhusu GPA, hakuna atakayekueleza vizuri hadi matokeo yatoke. Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi hizo zinazidishwa na krediti za kozi, zinajumlishwa, halafu zinagawanywa kwa jumla ya krediti. Kwa hiyo kozi hazilingani uzito. Chukua kozi mbili, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata A kwenye ya 12 na C kwenye ya 8, una 60 na 16, jumla 76, gawanya kwa 20 unapata 3.8. Ukigeuza, A kwenye ya 8 na C kwenye ya 12, una 40 na 24, jumla 64, unapata 3.2. Mtu yuleyule, madaraja yaleyale, lakini 3.8 ni daraja la pili la juu na 3.2 ni la pili la chini. Wiki ya kwanza andika krediti za kila kozi ukutani, na muda wako uufuate ukuta huo. Halafu usizidharau DS (taaluma za maendeleo) na stadi za mawasiliano. Watu wa sayansi wanaziona porojo, kisha wanashangaa C iliyotoka huko imeshusha kazi yote ya kalkulasi.

Sasa kusoma kwenyewe. Mhadhiri hatakuandikia ubaoni neno kwa neno. Ataonyesha slaidi, ataongea Kiingereza cha haraka saa moja au mbili, ataondoka. Utakuta watu wamekaa nyuma wanasema "desa litaletwa". Desa linaletwa kweli, na madesa ya miaka mitatu iliyopita yanauzwa pale stesheneri, lakini desa ni muhtasari wa mtu mwingine aliyeelewa kivyake, mengine yana makosa yanayonakiliwa kizazi hadi kizazi. Litumie baada ya kusoma, usilitumie badala ya kusoma. Kilicho bora kuliko desa ni mitihani ya nyuma. Itafute ya miaka minne mitano, iweke pamoja, utaona mada zinazorudi na namna swali linavyoulizwa. Jibu kwa maandishi kamili, na saa mbele yako.

Kaa mbele darasani. Yombo likijaa watu mia kadhaa, kutoka nyuma husikii kitu na simu inakuita.

Semina ndizo nusu ya elimu yenyewe. Mko wachache, mnaongozwa na mhadhiri msaidizi, ambaye mara nyingi ndiye anayesahihisha testi zenu. Mwulize maswali, yawe ya kijinga. Ajue jina lako kwa sababu ya maswali, si kwa sababu nyingine yoyote.

Maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja, na wiki za kabla ya mitihani bado utakosa kiti. Zoea kwenda mapema. Mkitaka kujadiliana nendeni kwenye vimbweta, vile viti na meza za zege chini ya miti. Watu watatu au wanne, kila mmoja amekuja amesoma, anayejua swali anawaelekeza wengine. Wakizidi sita inakuwa baraza la harusi.

Kazi ya kikundi ina balaa lake. Mtapangwa kumi, watafanya watatu. Kikao cha kwanza gawaneni sehemu kwa majina na tarehe, mziandike kwenye kundi la WhatsApp pale kila mtu anapoona. Atakayekimbia, msiandike jina lake kwenye jalada. Mtaonekana wabaya mara moja tu, baada ya hapo kila mtu atakuja. Na kila mmoja asome kazi nzima, kwa sababu siku ya kuwasilisha mwalimu ndiye anayechagua wa kusimama.

Akili mnemba utaikuta kila kona. Itumie ikueleze dhana uliyoshindwa kuielewa, ikutungie maswali ya kujipima. Usiiache ikuandikie kazi. Ukiniuliza kwa nini, nakupa sababu ya mtaani: UE unaandika kwa kalamu, bila simu, na hapo mkono uliozoea kunakili hauna la kuandika.

7. Mitihani

Wiki tatu kabla, ingia ARIS uone deni lako la ada. Mwenye deni anaweza kuzuiwa, na foleni ya kurekebisha siku moja kabla ya mtihani ni ya machozi. Angalia ratiba mwenyewe kwa macho yako. Usiambiwe. Siku ya mtihani kitambulisho mkononi, simu iache chumbani kabisa, na uikague mifuko yako hata kama unajua ni mitupu. Kikaratasi cha desa kilichosahauliwa kwenye koti hakina maelezo mbele ya msimamizi, na adhabu yake ni kufukuzwa chuo.

Ukiugua, usijikaze. Nenda kituo cha afya, pata karatasi, andika barua ya kuahirisha mtihani kabla haujafanyika, upeleke idarani. Ukiingia ukiwa na malaria ukafeli, chuo kinahesabu umefeli. Kuahirisha kwa utaratibu hakuna aibu yoyote.

Sapu ikija, imekuja. Unafanya mtihani wa marudio, unaendelea. Asilimia kubwa ya hofu ya sapu ni maneno ya watu. Ila soma kanuni za mitihani za chuo mapema, ujue mpaka wa sapu na mpaka wa kudisko uko wapi, kwa maandishi yao wenyewe na si kwa simulizi za hosteli.

8. Kwa sababu wewe ni msichana

Hili nalisema wazi. Ukiona mwalimu au mtumishi yeyote anakuambia alama zako "zinaweza kuangaliwa" ukimtembelea, au anataka kukusahihishia kazi hotelini, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja. Usijibu kwa matusi, usiende. Nipigie mimi kwanza, kisha twende pamoja dawati la jinsia la chuo au tupige TAKUKURU kwa 113, namba haina malipo. Nitapanda basi usiku huohuo, wala usifikirie nauli.

Mambo ya ofisini kayafanyie ofisini, mlango wazi, saa za kazi, ukiwa na mwenzako. Usiku kutoka maktaba tembeeni kundi. Kwenye gheto usimweleze kila mtu unakokaa.

Kuhusu mapenzi sikufungii. Ila mtu anayekuambia ukose semina kwa ajili yake, huyo semina moja inatosha kumjua.

9. Watu na nyumbani

Kanisani, msikitini, DARUSO (serikali ya wanafunzi), vilabu: jiunge na kimoja, muhula wa kwanza usizidishe. Siasa za chuo ni tamu na zinakula muda kimyakimya.

Piga simu nyumbani Jumapili. Mama usimweleze kila njaa, atakosa usingizi. Mimi nieleze yote. Ukijisikia huzuni isiyoondoka, hulali, hutaki kuona watu, usikae nayo ukidhani ni ugeni wa jiji. Chuo kina ofisi ya ushauri nasaha na kuitumia si wazimu.

10. Kabla hujarudi likizo

Nyie wa ualimu mwisho wa mwaka mnakwenda mazoezi ya kufundisha, BTP. Nafasi za shule zinajazwa mapema, kwa hiyo chagua mahali penye ndugu wa kukupokea, ule bure na fedha ya mazoezi ibaki. Kabla ya kuondoka rudisha ufunguo wa chumba na udai karatasi ya kuurudisha, la sivyo mwakani utadaiwa kitanda kilichovunjwa na mtu mwingine. Ndoo na godoro usimwachie mtu anayemaliza mwaka huu. Tafuta wa mwaka wa pili anayekaa mtaani. Kosiweki zote zihakiki zikiwa bado ubaoni, kwa sababu alama iliyorukwa inarekebishwa haraka mhadhiri akiwa hapo na karatasi yako mkononi, si miezi mitatu baadaye.

Nauli ya kurudi nitatuma mimi wiki ya mwisho ya mitihani. Nikiona nimepigiwa kabla ya hapo nitajua ile hesabu ya siku sabini na tano hukuifanya.